Vaa kuanzia ngozini: namna ya kuanza uigizaji wa askari wa Kirumi

Kosa nililoanza nalo ni kununua dirii kwanza. Niliipata kwa muuzaji wa mtandaoni, ikafika kwenye boksi zito, mabati yake yanang'aa kama sufuria mpya, na wikiendi iliyofuata nikaivaa uwanjani juu ya fulana ya pamba. Kufika adhuhuri vyuma vya mabegani vilikuwa vimenichubua mpaka fulana ikashika damu. Miguuni nilikuwa na viatu vya kuazima vilivyonipwaya. Mzee mmoja wa kikosi chetu, aliyevaa Kirumi miaka mingi kuliko niliyoishi mimi huku kaskazini mwa Uingereza, alinifungua mikanda taratibu, akanipa maji, kisha akaniambia neno ambalo ndilo msingi wa mwongozo huu: nunua vitu kwa mpangilio ule ule unaovivaa. Kinachogusa ngozi kije kwanza. Chuma kisubiri.

Msamiati tunao tayari. Aliyesoma Waefeso sura ya 6 anajua chapeo, dirii na ngao, na aliyeandika orodha ile aliishi katika ulimwengu wa askari hao hao. Angalia ilivyopangwa: mshipi kiunoni kwanza, upanga karibu na mwisho. Nitatumia maneno hayo hayo, na majina ya Kilatini nitayataja pale tu utakapoyahitaji dukani au kikosini.

Chagua mwaka na mahali

Hakuna "askari wa Kirumi" mmoja. Kati ya jeshi lililoangamizwa misituni Ujerumani mwaka 9 na lile lililozingirwa Dura-Europos, Syria, mwaka 256, karibu kila kitu kilibadilika: kiatu, umbo la ngao, urefu wa upanga, hata upande ambao upanga unaning'inia. Ukivaa chapeo ya karne ya 1 na viatu vya karne ya 3 umekuwa askari ambaye hakuwahi kuishi.

Kwa anayeanza nashauri nusu ya pili ya karne ya 1 au miongo ya mwanzo ya karne ya 2. Vitu vingi vimefukuliwa vya kipindi hicho, mafundi wengi wanavitengeneza, na vikosi vingi vya maonyesho viko hapo. Kisha amua wewe ni nani. Askari wa lejioni, vikosi vikuu vya jeshi, alikuwa raia wa Roma. Askari wa vikosi vya usaidizi, auxilia, kwa kawaida hakuwa raia. Alitumikia miaka 25 ndipo akapewa uraia. Kwenye nguzo ya mtawala Trajan mjini Roma, iliyozinduliwa mwaka 113, wachongaji waliwatofautisha kwa mavazi: lejioni wana dirii ya mabati na ngao ndefu iliyopinda, auxilia wana dirii ya pete na ngao bapa ya duara dufu.

Hapa niseme jambo linalonigusa. Watu huniuliza kama mtu mweusi ana mahali kwenye safu hii. Nenda Burgh by Sands, kijiji kilicho upande wa magharibi wa Ukuta wa Hadrian, ukuta wa mpaka wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, ambapo Warumi walikuwa na ngome iitwayo Aballava. Maandishi ya jiwe la karne ya 3 yanataja kikosi cha Wamauri, watu walioandikishwa Afrika Kaskazini, kikilinda mpaka ule. Septimius Severus, mtawala aliyefia York mwaka 211, alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Mtoto akiniuliza uwanjani, namjibu kwa majina hayo mawili, na huwa yanatosha. Seti yangu ya kwanza ni ya lejioni. Ya pili, ninayoijenga sasa polepole, ni ya askari wa Aballava.

Kikosi kabla ya pochi

Usinunue chochote kabla hujapata kikosi. Uingereza vipo vya muda mrefu, kama Ermine Street Guard kilichoanzishwa mwaka 1972, na Ujerumani, Uholanzi, Italia na Marekani pia vipo. Nenda kama mtazamaji mara mbili, uzungumze nao wakati wa kufungasha, sio wakati wa gwaride. Pale ndipo utawajua. Uliza wanaigiza miaka ipi, wana vifaa gani vya kuazimisha wageni, na bima ya maonyesho inamfunika nani. Vikosi vingi vina orodha ya vitu wanavyokubali na vitu wanavyokataa. Iombe. Orodha hiyo itakuokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote la dukani.

Kanzu

Vazi la ndani la askari, tunica, ni jamaa wa karibu wa kanzu yetu, ila ni pana zaidi, fupi, na la sufu. Tuna bahati ya kujua vipimo vyake. Mwaka 138 wafumaji wa Philadelphia, kijiji cha Misri, walipewa oda ya nguo za jeshi lililokuwa Kapadokia, Uturuki ya leo, na mkataba wake kwenye karatasi ya mafunjo umebaki hadi leo: kanzu moja nyeupe ya kufungwa mshipi, urefu dhiraa tatu na nusu, upana dhiraa tatu na vidole vinne. Kwa mita zetu ni kama 1.55 kwa 1.4. Ni nguo kubwa kweli, na siri yake iko kwenye mshipi: unaivuta juu, unaifunga, ziada inamwagika juu ya mshipi na pindo linakaa karibu na goti.

Unaweza kuishona mwenyewe hata kama hujawahi kushika sindano. Nunua sufu safi isiyo na nailoni, uzito wa kati, mita tatu na ushee. Ifue kwanza kwa maji ya vuguvugu ili irudi kabla ya kukatwa; ukiruka hatua hii mvua ya kwanza itakufanyia kazi hiyo, na kanzu itapanda juu ya mapaja. Kata vipande viwili vilivyo sawa. Upana uwe kutoka kiwiko hadi kiwiko ukiwa umetandaza mikono, urefu kutoka begani hadi katikati ya muundi. Viweke kimoja juu ya kingine, shona mabegani kutoka kila upande kuelekea katikati, na uache wazi kama sentimita 30 za kupitisha kichwa. Usikate duara la shingo. Ni mpasuo tu ulionyooka. Shona mbavuni, ukiacha sentimita 25 kila upande za mikono. Kunja pindo. Tumia uzi wa kitani na mkono wako, kwa sababu mshono wa cherehani huonekana mita mbili mbali, na watoto ndio huja karibu zaidi ya hapo. Shingo ikiwa pana mno, kusanya ziada nyuma ya kisogo uifunge fundo, kama tunavyowaona baadhi ya askari kwenye michongo.

Kuhusu rangi, watu hugombana kweli: nyeupe au nyekundu? Oda ile ya Misri inasema nyeupe. Mimi nina nyeupe, lakini kikosi chako kikivaa nyekundu, vaa nyekundu, safu ipendeze.

Nguo za ndani na soksi si aibu. Vindolanda, ngome iliyo jirani na Ukuta wa Hadrian, vimefukuliwa tangu mwaka 1973 vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino, na kimoja ni barua inayosindikiza kifurushi: jozi za soksi, makubadhi jozi mbili, na nguo mbili za ndani. Mtu wa miaka 1,900 iliyopita alisikia baridi ile ile ninayoisikia mimi.

Viatu

Hapa usibane fedha. Kiatu cha askari wa karne ya 1, caliga, kimekatwa kwenye ngozi kwa mikanda mingi, kinafungwa kamba mbele, na chini kina soli iliyopigiliwa misumari yenye vichwa vya mviringo. Babu yangu alikuwa fundi makubadhi, na nilipoishika caliga mara ya kwanza nilijikuta naitazama kama alivyonifundisha: je, ngozi ni ya mgongo au ya tumbo? Ya tumbo hulegea. Ikunje, ikitoa mikunjo myepesi inayorudi, ni nzuri. Tazama ncha za misumari kwa ndani: ziwe zimepindwa zikalala, zisiguse unyayo.

Ukiipata, ichovye kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, ivae ikiwa na unyevu, funga kamba kwa kukaza, tembea nayo nyumbani kwenye nyasi au udongo mpaka ikaribie kukauka. Itashika umbo la mguu wako. Baadaye ipake mafuta ya ngozi. Rudia siku tatu. Usiende nayo kwenye maonyesho ya siku nzima kabla hujatembea nayo walau kilomita kumi kwa jumla.

Na ujihadhari na sakafu. Mwanahistoria Josephus anamsimulia Julianus, akida shujaa aliyewafukuza maadui peke yake kwenye uwanja wa hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Viatu vyake vya misumari vikateleza kwenye mawe laini, akaanguka chali, wakamuua pale. Kwenye makumbusho yenye marumaru au ngazi za mawe tembea kwa hatua fupi, mguu ukitua wote bapa. Mara nyingi wenye jengo watakukataza kuingia navyo, na wana haki.

Kama umechagua karne ya 2 au baadaye, sahau caliga. Mwanzoni mwa karne hiyo ilikuwa inatoweka, na kati ya maelfu ya viatu vilivyofukuliwa Vindolanda wanajeshi wanaonekana zaidi na buti zilizofunikwa. Kwa mvua za huku, naona walifanya jambo la busara.

Mshipi

Mshipi ndio uliomtambulisha askari hata akiwa hana silaha. Ni ngozi nyembamba yenye vibati vya shaba na bizimu. Mbele unaweza kuning'iniza mikanda mifupi yenye vifungo inayolia unapotembea. Nunua ngozi nzuri na vibati vichache, uongeze mwaka hadi mwaka. Jambia hukaa kushoto. Ukishapata kanzu, viatu na mshipi tayari wewe ni askari asiye zamuni, na vikosi vingi vitakupokea kambini hivyo hivyo, ukasaga ngano na kuzungumza na wageni. Mimi nashauri ubaki hapo msimu mzima.

Kizibao, kisha dirii

Juu ya kanzu, chini ya chuma, kunavaliwa kizibao kinene. Kishone kwa kitani tabaka mbili, katikati ujaze sufu, kisha ukipige mishono ya mistari ili kijazo kisikimbie. Mabegani ongeza tabaka hadi unene wa kama sentimita mbili, kwa maana uzito wote wa dirii unalala hapo. Hiki ndicho nilichokikosa mimi. Ukiisha kukipata, vaa kanzu, vaa kizibao, vuta pumzi mpaka mwisho, ndipo mtu akupime kifua. Kipimo hicho ndicho unachompelekea fundi wa dirii, si namba ya shati lako.

Dirii ni za aina mbili kubwa. Ya pete, lorica hamata, inafaa karibu kila karne na kila kikosi, haibagui umbo la mwili, na haihitaji mtu wa kukuvisha. Ubaya wake ni uzito, kwa kawaida kilo kumi na zaidi. Angalia pete zenyewe: Warumi walipanga mstari wa pete nzima, kisha mstari wa pete zilizofungwa kwa ribiti. Za bei rahisi zimekunjwa tu ncha zikakutana. Hizo hufunguka zikidondoka moja moja kama shanga. Kaza mshipi juu yake, uvute dirii kidogo juu kabla ya kukaza, na nusu ya uzito itahama kutoka mabegani kwenda nyongani.

Ya mabati, ile ya kwenye picha, inaitwa lorica segmentata, ingawa jina hilo walilitunga wasomi wa karne ya 16 na hatujui Warumi wenyewe waliiitaje. Tumeielewa inavyofanya kazi kutokana na sanduku moja la mbao lililofukuliwa Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1964 likiwa na vipande vyake, na mwaka 2018 Kalkriese, Ujerumani, ikapatikana iliyo kamili ya zamani zaidi. Ina sehemu nne: mabega mawili na mbavu mbili, zote mabati yaliyoning'inizwa kwenye mikanda ya ngozi kwa ndani. Unaivaa kama kizibao kilicho wazi mbele, mwenzako anasimama mbele yako anakufunga kamba za ngozi kuanzia juu kwenda chini. Ukiijaribu, inua mikono yote miwili juu ya kichwa. Bati la shingoni likikugusa koo, au bati la kwapani likibana nyama, irudishe. Pitisha kidole kwenye kila ribiti upande wa ndani. Inayokukwaruza leo itakata kanzu kesho.

Chapeo

Pima kichwa juu ya nyusi, ongeza nafasi ya kitambaa cha ndani, na umwambie muuzaji umefanya hivyo. Kichwa kinachocheza ndani ya chapeo kitakuumiza shingo kabla ya saa moja kwisha. Tikisa kichwa ukisema ndiyo, kisha hapana, halafu tazama juu; bati la nyuma likigonga dirii, dirii yako imepanda mno. Masikio lazima yawe wazi, maana safu nzima inaishi kwa kusikia amri. Shungi la manyoya ya farasi ni zuri kwenye picha na si la lazima.

Ngao, ambayo utaijenga mwenyewe

Kati ya vitu vyote, ngao ndiyo inayompa anayeanza furaha kubwa kwa gharama ndogo. Mfano wetu mkuu ni ile ya Dura-Europos, iliyo sasa Chuo Kikuu cha Yale: kimo sentimita 105.5, imepinda kama nusu ya pipa, imeundwa kwa tabaka tatu za vibao vyembamba vilivyogandishwa kwa kupishana. Sisi tunatumia plaiwudi.

Tengeneza kwanza kalibu: mbao mbili au tatu zilizokatwa upinde, zikaunganishwa kwa fito kama mbavu za mashua. Chukua karatasi tatu za plaiwudi ya milimita 2. Paka gundi ya maji ya mbao kote, usiache doa, uziweke moja juu ya nyingine, mshipa wa ya kati ukikata mishipa ya nyingine mbili. Zilaze kwenye kalibu, zizungushie mikanda ya kufungia mizigo, kaza kidogo kidogo kutoka katikati kwenda nje. Subiri siku mbili. Watu hufungua siku ya kwanza usiku kwa pupa, ngao inajinyoosha, kazi inarudi mwanzo.

Ikishashika umbo, kata tundu katikati la ngumi, weka mshikio wa mbao uliolala, sio uliosimama: ngao ya Kirumi inashikwa kama ndoo. Funika pande zote kwa kitani na gundi, kisha ushone ukingo kwa ngozi mbichi iliyolowekwa. Ikikauka inabana kama ngoma. Kitovu cha chuma kinafungwa mbele ya tundu. Picha uchore mwisho, baada ya kukiuliza kikosi chako. Ngao iwe na mfuko wa ngozi kwa mvua. Vipande vya mifuko ya namna hiyo, ya ngozi ya mbuzi, vimefukuliwa katika ngome kadhaa.

Silaha

Zimewekwa mwisho kwa makusudi. Upanga wa aina ya Pompeii, gladius, una makali yaliyonyooka sambamba na ncha fupi. Askari wa kawaida wa karne ya 1 aliuning'iniza kulia. Kuuchomoa, geuza kiganja kinyume, dole gumba likielekea chini, vuta juu moja kwa moja. Kwa njia hiyo mkono hautoki mbele ya ngao wala haumgusi jirani. Upanga wa maonyesho uwe butu na ncha iwe mviringo. Pilum, mkuki wa kurusha, usiurushe mpaka msimamizi wako wa usalama aseme, na kamwe usielekeze upande wa watazamaji.

Sheria ni jambo la uzito. Uingereza ni kosa kubeba chenye makali hadharani bila sababu halali, na mataifa mengine yana masharti yake. Upanga usafiri kwenye buti la gari, umefungwa ndani ya mfuko, pamoja na barua ya kikosi. Usishuke nao kununua chai njiani. Kwa sisi tunaosimamishwa na polisi mara nyingi zaidi ya wenzetu, shika hili kwa mikono miwili.

Miezi ya mwanzo tumia upanga wa mbao. Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, anaandika kwamba kuruta walipewa ngao za fito na mapanga ya mti yenye uzito maradufu, na kwamba walitembea maili 20 za Kirumi, karibu kilomita 30, kwa saa tano za kiangazi. Anza na kilomita tatu ukiwa umevaa kila kitu. Utajua mkanda upi unakukata.

Baada ya onyesho

Chuma kikitoka uwanjani kwenye baridi kikaingizwa sebuleni, kinatoa jasho, na asubuhi kutu imeshaanza. Kifute kwa kitambaa kikavu, kiache kizoee joto la nyumba saa moja, kifute tena, kisha kipake mafuta mepesi au nta. Kutu ndogo toa kwa msasa laini kabisa. Shaba isugue, lakini usiing'arishe kupita kiasi kila mara, vibati vitakwisha. Dirii ya mabati itundike kwenye mti mnene wa mabegani, isilale, mikanda ya ndani isikunjike. Sufu usiifue kila wiki: ipigishe upepo.

Viatu vijaze magazeti, uviweke mbali na hita. Asubuhi vipindue, uhesabu misumari iliyodondoka, uipigilie mipya kabla hujasahau.